Kagua Toleo la Michoro Kabla Hujatoa Hela

Karibuni tena mezani kwangu. Leo tunakagua riwaya yenye michoro, na mfano wetu ni The Grapes of Wrath ya John Steinbeck: familia ya Joad inang'olewa Oklahoma kwa ukame na vumbi, inafunga safari ya California. Ilitoka 1939. Mwaka 1940, mchapishaji George Macy wa New York akaitoa tena ikiwa na michoro ya Thomas Hart Benton, mzaliwa wa Missouri, na akaitoa kwa njia mbili: nakala chache za Limited Editions Club, na toleo la bei nafuu la Heritage Press. Mchoraji ni yuleyule, lakini bei zake mbingu na ardhi, na hapo ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hatua ya kwanza: anza nyuma. Fungua ukurasa wa mwisho kabisa. Nakala ya klabu inajieleza pale: zilichapwa 1,146, hii ni namba ngapi, na chini kuna saini ya Benton kwa mkono wake. Kama unanunua kwa simu, omba picha ya ukurasa huo kabla ya picha nyingine yoyote. Mimi sikuomba. Muuzaji aliniandikia "toleo adimu, lina saini", nikatuma pesa, ikaja hii ya Heritage mnayoiona. Iliniuma sana.

Hatua ya pili: hesabu juzuu. Ya klabu ni mbili. Ukiletewa moja, ama ni Heritage, ama pacha wake amepotea.

Hatua ya tatu, na hapa tusikimbie: michoro. Sogea karibu na kamera. Unaona weusi huu si wa kupakwa, ni chembechembe, kama mkaa uliopitishwa kwenye ukuta wa chokaa? Hiyo ni litografia, yaani mchoro unaochorwa juu ya jiwe au bati kisha unachapwa kwenye karatasi. Na watu wa Benton hawasimami kama nguzo. Migongo imejipinda, mikono mirefu, unahisi uzito wa mzigo kabla hujasoma neno. Pitia mchoro mmoja mmoja, hakikisha hakuna uliochanwa ukawekwa fremu ukutani kwa mtu.

Hatua ya nne: kasha, yaani boksi lililo wazi upande mmoja ambamo kitabu huingizwa. Usikivute kitabu kwa kucha juu ya mgongo, utaupasua. Inamisha kasha, kipokee kwa kiganja, hivi. Kama ni ya Heritage, ndani tafuta kikaratasi kinachoitwa Sandglass, kinaeleza kitabu kilivyotengenezwa. Changu kilikuwamo, kimekunjwa vilevile.

Kwa anayeanza, nunua Heritage kwa bei ya Heritage, bila aibu. Michoro ya Benton unayo.

Mwisho, kukitunza. Tunaoishi karibu na bahari, unyevu ndio adui: kiweke mbali na ukuta wa nje, mbali na jua la dirishani. Kila mwezi nakitoa, napeperusha kurasa taratibu, natazama madoa ya kahawia pembeni. Leo hakuna jipya. Nakirudisha kwenye kasha, mgongo ukitazama nje.