Nani Alisema Ndiyo? Ridhaa, Figo na Vibonge vya Nta katika Sheria ya Uingereza

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Mada ya leo ni namna Uingereza inavyosimamia tishu, seli na viungo vya binadamu. Ukiitaja mada hii, watu wengi huona chumba cha upasuaji, taa kali na daktari mwenye barakoa. Mimi nitaanzia mahali pengine kabisa: kwenye makabati.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilibainika kwamba hospitali ya watoto ya Alder Hey, mjini Liverpool, ilikuwa imehifadhi viungo vya watoto waliofariki, na wazazi hawakuwa na habari. Mambo ya namna hiyo yalikwisha kufichuka Bristol, kwa watoto waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Ripoti ya uchunguzi wa Alder Hey ilitoka Januari 2001. Kulikuwa na wazazi waliomzika mtoto, wakaitwa kupokea moyo wake, wakazika tena, kisha wakaambiwa kimepatikana kiungo kingine.

Sasa, sheria ilikuwa inasema nini? Iliyokuwapo ilikuwa ya mwaka 1961. Kwa mujibu wake, mwenye mamlaka juu ya maiti, ambaye kwa kawaida ni hospitali, aliweza kuruhusu viungo vitolewe ikiwa ameulizia kadiri ilivyowezekana na hakuona sababu ya kuamini kwamba marehemu au jamaa zake wanapinga. Angalieni vizuri: sharti halikuwa kwamba mtu amekubali. Sharti lilikuwa kwamba hakuna aliyesikika akikataa. Na mzazi anayelia koridoni hawezi kukataa jambo ambalo hakuna aliyemtajia.

Sheria ya Tishu za Binadamu ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Septemba 2006, ikapindua swali. Badala ya kuuliza nani alipinga, inauliza nani alisema ndiyo, kwa ajili ya jambo gani, na kile alichokikubalia kiko wapi sasa hivi. Ukiyashika maswali hayo matatu, kanuni zote zilizobaki utazielewa hata usipozisoma. Mamlaka inayoisimamia, HTA, inahudumu Uingereza yenyewe, Wales na Ireland ya Kaskazini. Scotland wana sheria yao ya 2006, sitaigusa.

Kwanza tujue sheria inashika nini. Inashika kitu chochote kilichotoka katika mwili wa mtu na chenye seli ndani yake. Kipande cha ini kimo, damu nzima imo, na mkojo pia umo, kwa sababu huwa na seli. Plazma, yaani maji ya damu, iliyotenganishwa hadi haina seli haimo. Nywele na kucha za mtu aliye hai hazimo. DNA iliyokwisha kuchujwa haihesabiwi kuwa tishu, lakini kuwa na tishu ya mtu kwa nia ya kuipima DNA yake bila ridhaa ni kosa linalojitegemea, na kifungo chake hufika miaka 3. Mbegu za uzazi na viinitete vilivyo nje ya mwili vina mamlaka nyingine.

Wanaofanya kazi maabara huteleza kwenye vitu vidogo. Kibonge cha nta chenye kipande cha tishu, na slaidi iliyokatwa kutoka humo, vyote ni tishu mbele ya sheria. Mtu hukitazama kile kibonge, chepesi, kidogo kama pipi, akakiona ni mali ya ofisi. Alder Hey ilijengwa na mazoea ya namna hiyo, siku kwa siku.

Chukueni mfano wa mochwari. Mtu amefariki ghafla, na mchunguzi wa vifo wa serikali ameagiza maiti ipasuliwe. Hapo ridhaa ya familia haihitajiki, kwa kuwa amri ya serikali inatosha. Daktari anachukua vipande vya moyo, anavitia kwenye nta, anavisoma, anaandika chanzo cha kifo. Uchunguzi unafungwa. Siku hiyo amri ya serikali inakufa, na vile vibonge vinabaki bila wa kuvihalalisha. Familia ilitakiwa iwe imekwisha kuulizwa: mnataka mrudishiwe, viteketezwe kwa heshima, au vibaki kwa utafiti na mafunzo? Jibu likishaandikwa, mtu fulani lazima alitekeleze. Hapa ndipo hushindikana. Fomu hubaki kwenye faili la ofisi moja, vibonge vikabaki kwenye droo ya jengo lingine, na mtu aliyeunganisha ofisi hizo mbili akahama kazi. Hakuna aliyefanya ubaya kwa makusudi, lakini kuhifadhi vipande hivyo bila ridhaa sasa ni kosa.

Kwa hiyo mkaguzi anapofika haanzi na hotuba. Huchagua sampuli moja kwenye daftari na kusema, nionyesheni. Kisha hufungua jokofu, huchukua kichupa chochote na kusema, nionyesheni karatasi yake. Anatoka kwenye karatasi kwenda kwenye kitu, na anatoka kwenye kitu kurudi kwenye karatasi. Sampuli iliyoteketezwa lazima iwe na tarehe, sababu na njia iliyotumika. Kichupa kisicho na karatasi ni tatizo. Karatasi isiyo na kichupa ni tatizo kubwa zaidi, maana hujui kimekwenda wapi.

Na majokofu yenyewe! Sampuli za utafiti hukaa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, na seli hai huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, ambayo huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Kila jokofu lina king'ora. Lakini king'ora kikilia Ijumaa usiku kinampigia nani? Ikiwa namba iliyoingizwa ni ya mtu aliyeacha kazi miaka 2 iliyopita, una kelele tu. Kijaribuni kwa makusudi, muda ambao hakuna mtu ofisini, muone nani anapokea. Na jokofu la akiba liwe na nafasi kweli, lisiwe limejazwa masanduku ya mtu mwingine.

Tishu zinazorudi ndani ya mwili wa mgonjwa, yaani ngozi, mifupa, vali za moyo, konea (utando wa mbele wa jicho) na seli za uboho, zina masharti mazito zaidi. Mtoaji hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Kumbukumbu za kuunganisha mtoaji na mpokeaji hutunzwa miaka 30. Tukio baya likigunduliwa, mamlaka iarifiwe ndani ya saa 24. Kwa nini miaka 30? Kwa sababu mtoaji mmoja anaweza kuwafikia wapokeaji wengi walio miji tofauti, na ugonjwa mwingine hujificha miaka mingi. Siku ukijitokeza, lazima uweze kuwapata wote.

Sasa nije kwenye jambo ambalo msikilizaji makini ameshaanza kuniwekea. Kama sheria ya 2004 ilikuja kuondoa ile hoja ya "hakuna aliyepinga", mbona tangu 20 Mei 2020 mtu mzima wa Uingereza yenyewe huhesabiwa amekubali kutoa viungo asipojiandikisha kukataa? Wales walianza mapema, Desemba 2015, na Ireland ya Kaskazini walifuata Juni 2023. Je, tumerudi 1961?

Kwa maoni yangu hatujarudi, ila mstari ni mwembamba kuliko wanavyokiri wanaoitetea sheria hiyo. Kinachotofautisha ni mipaka yake. Ridhaa hii ya kudhaniwa inahusu upandikizaji wa kawaida tu. Utafiti haumo, wala uso na mikono. Haiwagusi walio chini ya miaka 18, wasiokuwa na uwezo wa kuielewa, wala aliyeishi nchini chini ya miezi 12. Lipo daftari la taifa ambalo mtu anaweza kuandika ndiyo au hapana. Zaidi ya yote, muuguzi maalumu wa uchangiaji huketi na familia na kuuliza: mlikuwa mnajua nini kuhusu alivyotaka? Familia ikikataa katakata, kwa kawaida shughuli huishia hapo. Ndiyo maana kujiandikisha bila kumwambia mwenzi wako ni kazi nusu. Ni takriban mtu 1 katika 100 tu anayefariki katika hali inayowezesha viungo kutolewa, yaani hospitalini, chini ya uangalizi wa wagonjwa mahututi. Nafasi hiyo finyu hupotea kwa sababu nyumbani hakuna aliyewahi kuzungumza.

Ndugu Waislamu huniuliza kuhusu kuosha na kuzika mapema. Daftari hilo lina sehemu ya kueleza kwamba unataka imani yako izingatiwe, na muuguzi hulizungumza na familia. Upasuaji huchukua saa kadhaa, mwili hushonwa na kurudishwa mzima wa sura, na unaosheka. Ucheleweshaji upo, siwafichi.

Nimalizie na mtoaji aliye hai, maana hapo ndipo simu za kutoka nyumbani huhusika. Kaka yuko Leicester kwenye mashine ya kusafisha damu, dada yuko Mombasa na figo mbili nzima. Inawezekana. Uingereza ina viza ya mgeni inayoruhusu mtu kuja kutoa kiungo kwa jamaa au mtu wa karibu, kwa barua ya kitengo cha upandikizaji inayothibitisha kwamba vipimo vinalingana au vinaendelea.

Madaktari wakiridhika, faili haliendi chumba cha upasuaji. Linakwenda kwa mtathmini huru, mtu aliyefunzwa na kuidhinishwa na HTA, asiyekuwa sehemu ya timu inayowatibu hao wawili. Huzungumza na mtoaji peke yake, na mpokeaji peke yake, kisha na wote pamoja. Anatafuta mambo matatu: mtoaji ameelewa hatari, ikiwemo ya kufa, ambayo kwa figo ni takriban 1 katika 3,000, hajashinikizwa, na hakuna malipo wala ahadi ya malipo. Hutaka pia kuona ushahidi wa uhusiano: vyeti vya kuzaliwa, picha za zamani za familia, mawasiliano. Ripoti yake huenda HTA, na bila idhini yao kisu hakishikwi. Anayempa mtu asiyemjua, au jozi zinazobadilishana figo, au mtoaji aliye mtoto, hujadiliwa na jopo. Kwa mtoto, mahakama pia lazima iridhie.

Malipo ni marufuku. Katazo hilo lilianza 1989, baada ya kugundulika kwamba watu walioletwa kutoka Uturuki walikuwa wakilipwa wauze figo London. Lakini kumfidia mtoaji nauli na mshahara aliopoteza kunaruhusiwa, na hapa wengi huchanganya mambo. Tunza risiti. Mshahara wa mwezi mmoja uliokosekana una hati ya mwajiri. "Zawadi ya shukrani" ya kiwanja haina hati hata moja inayoweza kuitetea.

Kuna kesi iliyoonyesha kwa nini mazungumzo haya yapo. Machi 2023 mahakama ya London ilimtia hatiani Ike Ekweremadu, aliyekuwa seneta wa Nigeria, pamoja na mkewe na daktari mmoja, kwa njama ya kumleta kijana mchuuzi kutoka Lagos atoe figo kwa binti yao. Kijana alitambulishwa kuwa ni binamu wa mgonjwa. Hakufika hata kwa mtathmini huru: daktari wa hospitali alipozungumza naye aliona hajaelewa kinachomngoja, akamkataa. Hati zilikuwapo. Kilichokosekana ni uelewa, na uelewa hauonekani mpaka umwulize mtu.

Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inaweka faini hadi shilingi milioni 10 au kifungo hadi miaka 10 kwa anayeuza kiungo. Kwa sheria ya tishu ya Uingereza ni miaka 3. Kwa ukali, Kenya imetangulia. Hata hivyo, Aprili 2025 Wizara ya Afya ya Kenya ililazimika kusimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya Eldoret, kufuatia tuhuma za figo kununuliwa kwa vijana. Adhabu humsubiri mkosaji baada ya figo kutoka. Mtathmini humsubiri mtoaji kabla haijatoka, na kama ningepewa kuchagua moja, ningechagua huyo wa pili.

Kwa hiyo dada wa Mombasa ajiandae hivi. Alete cheti chake halisi na cha kaka yake. Kama Kiingereza kinampa taabu, aseme mapema, atafutiwe mkalimani wa Kiswahili asiye na uhusiano na familia. Shangazi hakubaliki, hata awe hodari kiasi gani, kwa kuwa shangazi naye anataka mgonjwa apone. Ajue anaweza kubadili nia hadi dakika anapopewa usingizi, na kwamba hospitali haitamwambia kaka sababu zake. Na ajue swali litakalomkabili mwishoni, ambalo wengi hawajalifikiria: figo iliyobaki hupimwa kila mwaka maisha yote, yaani presha, kreatinini ya damu (taka ambayo figo huichuja) na protini kwenye mkojo. Akirudi Mombasa, atapimwa hospitali gani, na nani atalipa?