Tazameni Tarehe: Sanamu, Viwanja na Daraja la Wacheza Hoki ya Barafu

(Mhadhara uliotolewa Toronto mbele ya wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi jijini humo)

Shikamooni wazee wangu. Ndugu na dada zangu, na nyinyi vijana mliojipanga nyuma karibu na sambusa, hamjambo?

Mwenyekiti aliniomba nizungumzie kumbukumbu za umma, na nadhani alitarajia nianze na Mwenge wa Uhuru au sanamu ya Askari pale Dar es Salaam. Hizo tumezizungumzia sana. Leo nataka tuzungumzie majina tunayopita chini yake kila siku katika nchi hii bila kuuliza ni ya nani. Mengi ni ya wacheza hoki ya barafu.

Kwa aliyeteremka uwanja wa ndege juzi: kila upande una wachezaji sita, kipa akiwemo. Wamevaa viatu vyenye ubapa wa chuma chini, wanateleza kwa kasi ya kutisha, na wanagombania kisahani cheusi cha mpira mgumu kinachoitwa paki. Mengine utajifunza mwenyewe, hasa ukiwa na watoto shuleni, kwa sababu watakulazimisha.

Nina ombi moja. Mtu akifika mbele ya sanamu hutazama uso, anapiga picha, anaondoka. Mimi nawaomba mtazame tarehe. Hesabuni miaka kati ya alichofanya mtu na siku aliyoheshimiwa. Mwanya huo utawaambia nani alikuwa na huzuni, nani alikuwa na deni, na nani alikuwa anatafuta biashara. Uso wa shaba hausemi hayo.

Tuanze na Edmonton. Wayne Gretzky, kijana wa Brantford, si mbali sana na hapa, aliipa timu ya Edmonton Oilers Kombe la Stanley, taji la ligi kuu ya hoki ya Kanada na Marekani, mara nne: 1984, 1985, 1987 na 1988. Tarehe 9 Agosti 1988, mwenye timu, Peter Pocklington, akamuuza kwa timu ya Los Angeles, Marekani. Wachezaji walibadilishwa, na dola milioni 15 zikaingia upande wa Edmonton. Gretzky alilia mbele ya waandishi wa habari. Watu walichoma kinyago cha Pocklington. Mbunge mmoja, Nelson Riis, aliitaka serikali ya Kanada izuie mauzo yale, kana kwamba ni mgodi wa taifa unaouzwa kwa wageni.

Sasa hesabuni. Sanamu ya Gretzky, kombe likiwa juu ya kichwa, ilizinduliwa nje ya uwanja wa Edmonton tarehe 27 Agosti 1989. Mwaka mmoja na siku chache tu! Mwenyewe alikuwa na miaka 28, mzima, anacheza, tena anacheza kwa wapinzani. Kwa kawaida sanamu humngoja mtu astaafu, au afe kabisa. Ile haikungoja. Mimi naisoma kama kilio cha mji ulioporwa mtoto wake, kilio kilichopewa umbo la shaba.

Na hadithi haikuishia hapo. Wiki saba baadaye, tarehe 15 Oktoba 1989, Gretzky alirudi katika uwanja ule ule akiwa na jezi ya Los Angeles, akapita sanamu yake mlangoni, na ndani akaivunja rekodi ya pointi 1,850, yaani mabao na pasi za mabao, iliyowekwa na mkongwe Gordie Howe. Aliyeduwaa ni nani? Mashabiki wa Edmonton walimshangilia mpinzani. Los Angeles nao wana sanamu yao, ya Oktoba 2002, iliyozinduliwa siku ile ile klabu ilipostaafisha jezi yake namba 99, isivaliwe tena na mwingine. Hiyo ni sanamu ya kawaida: mchezaji kamaliza kazi, klabu inasema asante, tiketi zinauzwa. Mtu mmoja, sanamu mbili, na sababu mbili tofauti kabisa.

Sanamu ya Edmonton ilihamishiwa uwanja mpya wa Rogers Place mwaka 2016. Lakini kuhama halikuwa jambo gumu kuliko yote yaliyoipata. Mwaka 2025, wakati Kanada na Marekani zilipogombana juu ya ushuru, na Gretzky akaonekana kuwa karibu na Rais Trump, sanamu ilichafuliwa, tena kwa uchafu nisioutaja mbele ya wazee. Watu wakaanza kukusanya saini ili barabara ya Wayne Gretzky Drive ibadilishwe jina. Hiyo ndiyo hatari ya kumsimamishia mtu sanamu akiwa na miaka 28: ana miaka mingi mbele yake ya kusema na kufanya mambo. Mzee mmoja hapa mbele anatikisa kichwa. Najua, mzee wangu, hata kwetu tumeona majina ya barabara yakibadilika mchana kweupe.

Boston wao walingoja. Bobby Orr alifunga bao la ushindi wa kombe tarehe 10 Mei 1970, muda wa ziada, sekunde 40 tu baada ya kuanza, na papo hapo beki wa timu pinzani ya St. Louis akamkwatua. Picha iliyopigwa inamwonyesha akiwa angani, mikono imenyooka, amelala hewani kama mtu anayeogelea. Sanamu yake ilizinduliwa tarehe 10 Mei 2010: miaka 40 kamili, siku kwa siku. Uwanja wenyewe alimofungia bao ulikwisha kubomolewa. Kwa hiyo Boston haikumheshimu mtu tu. Ilishika nusu sekunde ya mwaka 1970 ikaigandisha, kwa sababu mahali penyewe pameondoka. Ni sanamu nzuri kuliko zote nilizoziona za mchezo huu, na nasema hivyo nikiwa mkaaji wa Toronto, jambo ambalo baadhi yenu hamtanisamehe.

Montreal nitapita haraka. Desemba 2008 walizindua sanamu nne za nyota wa klabu yao kwa mkupuo: Howie Morenz, Maurice Richard, Jean Béliveau na Guy Lafleur, klabu ilipokuwa inatimiza miaka 100. Morenz alifariki mwaka 1937, na jeneza lake liliwekwa katikati ya uwanja wa Forum, mahali pale alipokuwa akicheza. Umati ulikuja wenyewe. Sanamu ilichukua miaka 71. Sherehe za kutimiza karne huwa na bajeti, msiba hauna.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Tarehe 18 Januari 1958, katika uwanja huo wa Forum, Willie O'Ree alivaa jezi ya Boston Bruins akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL, ile ligi kuu ya Kanada na Marekani. Mzaliwa wa Fredericton, jimbo la New Brunswick. Alicheza mechi 45 tu katika ligi hiyo, na zote akiwa haoni kwa jicho la kulia, siri aliyoificha kwa sababu ingejulikana asingeruhusiwa kuingia uwanjani. Matusi aliyotupiwa na mashabiki, hasa kule Marekani, aliyasimulia mwenyewe mara nyingi, kwa sauti ya upole inayokufanya ukasirike zaidi.

Tazameni tarehe. Mji wake wa Fredericton ulikipa kituo chake kipya cha michezo jina la Willie O'Ree Place Januari 2008, miaka 50 ilipotimia. Jumba la Heshima la Hoki, hapa hapa Toronto, lilimwingiza mwaka 2018. Boston waliistaafisha jezi yake namba 22 na kuipandisha darini tarehe 18 Januari 2022, miaka 64 kamili. Wakati huo alikuwa na miaka 86, akafuatilia sherehe kwa video kutoka San Diego. Edmonton ilihitaji mwaka mmoja. Boston ilihitaji 64. Wapo watakaosema Gretzky alifunga mabao mengi mno na O'Ree alifunga manne. Ni kweli. Lakini basi walimheshimu kwa nini mwaka 2022, wakati idadi ya mabao ilikuwa ile ile manne? Thamani ya alichofanya haikuongezeka. Kilichoongezeka ni aibu ya waliochelewa.

Na kabla ya O'Ree alikuwepo Herb Carnegie, mtoto wa Wajamaika, mzaliwa wa Toronto. Alicheza Quebec pamoja na Béliveau, na wote waliomwona walijua anafaa ligi kuu. Mwaka 1948 New York Rangers walimpa mkataba wa kuanzia timu zao za chini, kwa malipo madogo kuliko aliyokuwa akipata Quebec. Akakataa, na mlango haukufunguka tena. Uwanja wa barafu wa North York ulipewa jina lake mwaka 2001, akiwa hai. Baadhi yenu mmewapeleka watoto pale wakajifunza kuteleza. Jumba la Heshima lilimwingiza mwaka 2022, miaka kumi baada ya kifo chake. Kwa maneno mengine, mtaa ulitangulia na wakubwa wakafuata, miaka 21 nyuma.

Hapo ndipo ninapoipenda heshima ya uwanja kuliko sanamu. Mtoto anasema "nakwenda Carnegie" bila kumjua Carnegie, anafunga kamba za viatu, anaanguka, anainuka. Jina linaendelea kufanya kazi. Sanamu kazi yake ni kusimama.

Nikumbushe pia Halifax, ambako mwaka 1895 makanisa ya Kibaptisti ya watu weusi yalianzisha ligi yao wenyewe ya hoki, zaidi ya miaka 20 kabla NHL haijazaliwa. Moja ya timu ilitoka Africville, mtaa wa watu weusi wa Halifax. Miaka ya 1960 jiji liliibomoa Africville yote, nyumba na kanisa. Ligi ile ilitolewa stempu na posta ya Kanada mwaka 2020. Stempu! Karne nzima na robo, halafu kitu cha kulambwa na kubandikwa. Ila ni afadhali kuliko kimya, nakubali.

Ziko heshima zisizongoja kamati. Jioni ya tarehe 6 Aprili 2018, basi la timu ya hoki ya vijana, Humboldt Broncos, liligongana na lori kwenye njia panda huko Saskatchewan. Walikufa 16, wakajeruhiwa 13. Ndani ya siku chache, Kanada nzima watu waliacha magongo ya hoki nje ya milango ya nyumba zao, taa za baraza zikiwaka usiku kucha. Hakuna aliyeomba kibali. Pale njia panda ikaota misalaba, magongo, jezi, maua. Sisi tuliokulia penye desturi ya kukaa matanga tulielewa bila kufasiriwa: watu walitoka nje ili wafiwa wasiwe peke yao.

Na Gordie Howe, yule wa pointi 1,850. Alizaliwa Floral, Saskatchewan, mwaka 1928, akacheza Detroit misimu 25. Mkanada aliyekuwa mali ya mji wa Marekani. Mei 2015 serikali ya Kanada ilitangaza kwamba daraja jipya kati ya Windsor na Detroit litaitwa kwa jina lake. Alikuwa bado hai. Alifariki Juni 2016. Daraja lenyewe lina minara ya mita 220 na nafasi ya mita 853 kati ya nguzo na nguzo, na njia ya waendao kwa miguu. Pande hizo mbili za mto ziliunganishwa hewani Juni 2024. Mwezi Septemba 2016, majivu yake na ya mkewe Colleen yaliwekwa ndani ya msingi wa sanamu yake nje ya uwanja wa Saskatoon. Kwa hiyo ile si sanamu tena, ni kaburi, na ukienda kupiga picha pale punguza mbwembwe.

Mwisho, kuna jina ambalo nyote mmelishika mkononi leo asubuhi. Tim Horton alikuwa beki wa Toronto Maple Leafs. Alifungua duka la donati na kahawa Hamilton mwaka 1964. Februari 1974, akiwa mchezaji wa Buffalo, alikufa kwa ajali ya gari akitoka kucheza hapa Toronto. Duka likabaki na jina. Anayo sanamu, ipo nje ya Scotiabank Arena pamoja na wenzake 13, kwenye lile benchi la mashujaa lililokamilika mwaka 2017. Lakini niambieni, sanamu ipi inayotajwa mara nyingi kama kikombe kile? Na ni kampuni hiyo hiyo iliyowaleta Kanada mwaka 2018 wachezaji wa Kenya Ice Lions, vijana wanaofanyia mazoezi kwenye kiwanja kidogo cha barafu ndani ya hoteli moja Nairobi, wakacheza pamoja na Sidney Crosby, nyota wa NHL. Septemba 2024 Kenya ikajiunga na shirikisho la dunia la mchezo huu.

Wenye muda kesho, nendeni makutano ya Carlton na Church. Lile jengo kubwa la matofali ni Maple Leaf Gardens ya mwaka 1931. Chini sasa ni supamaketi, na kati ya rafu utaona duara jekundu sakafuni: ndipo ilipokuwa katikati ya uwanja. Hakuna kiingilio, na kuna mkate. Juu bado pana barafu, vijana wa chuo kikuu wanacheza. Sasa nipeni maswali, na nyinyi wa nyuma, mtubakishie sambusa.