Pikipiki ya Safari Ndefu kwa Mwendeshaji Aliyekula Chumvi Nyingi

Ndugu zangu, waendeshaji wenzangu, ahsanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kuchagua pikipiki ya safari ndefu yenye starehe, mtu akiwa ameshavuka miaka hamsini na kuendelea. Najua wengi mnangoja nianze na kiti. Kiti tutakifikia. Lakini mimi nimekuja na hoja moja, na nitaitetea mpaka mwisho: starehe ya mwendeshaji mwenye umri huanza kupimwa pikipiki ikiwa imesimama.

Chukueni Gold Wing Tour ya Honda. Ina zaidi ya kilo 380. Ikishashika mwendo, uzito huo huusikii. Magurudumu na mpangilio wa usukani vinaishikilia wima yenyewe, na mtu mwembamba wa miaka sabini anaipitisha kwenye kona bila kutumia nguvu. Uzito unarudi wote kwa mpigo pale unapoingia kituo cha mafuta, unapogeuza kwenye njia nyembamba, au unaposimama mahali penye mteremko. Hapo kinachoishikilia ni goti lako, nyonga yako na kiuno chako, na hivyo ndivyo viungo ambavyo umri unaanza navyo.

Tutazame jambo hili kwa karibu. Umesimama, unatua mguu wa kushoto, chini kuna kokoto. Soli inateleza kidogo tu, labda upana wa kiganja. Pikipiki inainama. Ikiwa bado iko karibu na wima, paja linaihimili bila taabu. Ikizidi hapo, kila kiwango kidogo cha kuinama kinaongeza mzigo, na ghafla umebeba kitu ambacho hakuna binadamu wa kukibeba kwa mguu mmoja. Kijana hujikaza na mara nyingine anafaulu. Mzee akijikaza hivyo anavunjika mgongo au anachana msuli wa bega. Kwa hiyo nawasihi: ikishakuzidi, iache ilale, toa mguu wako, ondoka. Chuma kinanyooshwa siku hiyohiyo. Nyonga inaweza kukuweka kitandani miezi.

Ndiyo maana nasema, mkienda kuangalia pikipiki, msikimbilie kuwasha injini. Simama kando yake, shika usukani, isukume mbele na kuirudisha nyuma ikiwa imezimwa. Iinue kutoka kwenye stendi ya pembeni mara kadhaa, upande uleule wa goti lako bovu. Kama ina stendi ya kati, ipandishe. Ukitoka jasho hapo penye sakafu laini, hebu fikiria hali itakavyokuwa jioni, umechoka, masanduku yamejaa, ardhi ina matope. NT1100 ya Honda ina takriban kilo 240. R 1250 RT ya BMW inakaribia kilo 280. Ukiweka na ile Gold Wing, zote tatu zinaitwa za safari ndefu, lakini tofauti kati ya ya kwanza na ya mwisho ni uzito wa watu wazima wawili. Tena angalia uzito umekaa wapi. Injini ya BMW iliyolaza silinda zake pembeni inauweka chini, na ndiyo sababu RT huonekana nyepesi kuliko namba yake. Sanduku la juu nyuma likijaa hufanya kinyume chake.

Sasa kimo cha kiti. Watengenezaji wanatupa namba: Gold Wing milimita 745, NT1100 milimita 820. Namba hiyo peke yake inadanganya. Kiti kipana kinatanua mapaja, na miguu iliyotanuka haifiki chini. Kiti kilichochongwa kwa mbele, hata kikiwa juu zaidi, kinaweza kukufikisha vizuri. Vaa buti zako za safari ukajaribu. Ninachotaka mimi ni unyayo mmoja mzima utue chini bila wewe kusogeza kiuno pembeni. Na usisahau kupanda na kushuka! Watu wanapima kila kitu isipokuwa kurusha mguu juu ya kiti huku sanduku la nyuma limesimama njiani kama ukuta. Nyonga isiyofunguka vizuri itakunyima raha kabla hata hujaondoka.

Mtaniambia, basi tununue zenye viti vya chini. Hapa ndipo penye mtego mkubwa, na naomba tukae hapa kidogo. Kiti kikishuka huku vikanyagio viko palepale, goti linakunjika zaidi. Dakika kumi hutaona kitu. Baada ya saa mbili goti linawaka moto, na ukisimama kujaza mafuta unashuka umejikunja. Pikipiki za mtindo wa kruza zinakwepa hilo kwa kupeleka vikanyagio mbele, miguu inanyooka, goti linashukuru. Lakini mguu ulionyooka mbele hauwezi kukuinua. Likija shimo, huwezi kusimama kidogo kwenye vikanyagio ili mapaja yapokee kishindo. Kishindo chote kinapanda kutoka kwenye kitokono hadi shingoni. Mwenye goti bovu na mgongo mzima anaweza kuishi na kruza. Mwenye mgongo mbovu, namshauri aache, hata kama inampendeza kiasi gani. Atafute vikanyagio vilivyo karibu chini ya nyonga, kiti cha kimo cha wastani, na usukani unaomfikia bila yeye kuinama. Viwiko vikunjike kidogo, mabega yalegee. Ukijikuta unaegemea mikono, ganzi ya vidole haiko mbali.

Kiti chenyewe, basi. Kiti laini kinashawishi. Ukikikalia dukani unasema nimefika. Ila sponji laini hubonyea mpaka chini, na baada ya muda mifupa ya makalio inagusa ubao. Kiti kigumu kiasi, kipana nyuma, hukusambazia uzito kwa muda mrefu zaidi. Muombe muuzaji ukae juu yake nusu saa, pikipiki ikiwa kwenye stendi ya kati, umeshika usukani, miguu kwenye vikanyagio. Anayekuharakisha hapo hafai kukuuzia.

Mikono nayo ina habari zake. Klachi ngumu kwenye foleni ni adhabu kwa vidole vyenye baridi yabisi. Tangu VFR1200F ya mwaka 2010, Honda wana gia zinazojibadili zenyewe kwa klachi mbili, mfumo wa DCT, na leo unaupata kwenye NT1100, Africa Twin na Gold Wing. Yamaha nao wakaja na Y-AMT, mfumo wao wa gia usiohitaji klachi ya mkono, mwaka 2024. Wapo wanaodai kwamba bila klachi ya mkono si pikipiki. Sikubaliani nao hata kidogo. Ukiondoa klachi hiyo, umempa mzee umakini wake wote autumie barabarani, na hakuna kitu cha thamani kuliko hicho. Gold Wing ya DCT ina hata mwendo wa polepole wa kwenda mbele na kurudi nyuma, na hilo ndilo linalowafanya wengine waweze kuimiliki licha ya uzito wake.

Kuhusu ukubwa wa injini sitasema mengi. Nguvu zimeshakuwa nyingi kuliko tunavyohitaji. Cheni, au shafti, ule mhimili wa chuma unaozungusha gurudumu la nyuma badala ya cheni? Kama kupiga magoti chini kupaka mafuta cheni kunakutesa, chukua ya shafti, ukubali uzito kidogo.

Upepo unahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndio unaochosha bila kujulikana. Kioo cha mbele kirefu si lazima kiwe bora. Kikiwa cha kimo kisichokufaa, ncha yake inarusha upepo uliovurugika moja kwa moja kwenye helmeti, kichwa kinatikisika siku nzima na shingo inakakamaa. Ukiwa kwenye majaribio, barabara ikiwa wazi, inua kichwa kidogo, kisha kishushe. Kelele ikikatika kwa sentimita chache tu, ujue kioo hicho hakilingani na kimo chako. Tafuta kinachopanda na kushuka. Na vaeni vizibo vya masikio mnavyoruhusiwa kuvaa. Masikio yakiharibiwa na upepo hayarudi.

Breki za ABS, zile zinazozuia gurudumu lisijifunge ukikamata breki kwa nguvu, kwa umri wetu si za hiari. BMW walizileta kwenye K100 mwaka 1988, na tangu KTM 1190 Adventure ya mwaka 2014 zipo zinazofanya kazi hata pikipiki ikiwa imelala kwenye kona. Tunachelewa kidogo kuitikia hatari kuliko zamani. Kifaa kisichochelewa kikusaidie. Jicho nalo, mboni haifunguki gizani kama ya kijana. Pima taa kuu usiku, na pima kama unasoma dashibodi bila kuhangaika.

La mwisho ni mwenzako wa nyuma. Wengi wetu tunasafiri na wake zetu au waume zetu, na wao pia magoti yao yana miaka. Mpeleke siku ya majaribio. Apande na kushuka mwenyewe, akae, akwambie miguu yake imekunjika kiasi gani na kama ana kitu cha kushika. Kisha, akiwa juu, rudieni lile jaribio la kusimama na kuishikilia wima. Ikikushinda mkiwa wawili, hiyo si pikipiki yenu, hata ikiwa peke yako unaimudu. Naona mikono imeshainuliwa huko nyuma. Karibu, mama, uanze wewe.