Kwa nini "piga simu polisi" si jibu: magari yanayokimbia mtaani kwetu Texas

Habari zenu wapendwa, karibuni. Leo najibu swali moja tu, maana halikatiki. Tangu niweke ile video ambayo watoto wanacheza nje na pikapu inapita kwa kasi nyuma yao, kila nikifungua maoni nakutana nalo: "Dada, si uko nchi ya sheria wewe? Piga simu polisi wamkamate."

Kuna wengine wanaandika kwamba nimetafuta kisingizio cha magari ili nioneshe nyumba. Na wengine: kama Marekani pagumu hivyo, rudi Tanzania. Ndugu zangu, nyumba yenyewe ni ya benki, na tutailipa mpaka wanangu wazeeke. Sijaja kujionesha na sijaja kulia. Nimeulizwa, najibu. Na ninayosema ni ya hapa nilipo, kaunti ya Harris, Texas. Aliye Minnesota au Ohio asije kuniambia kwao sivyo. Najua kwao sivyo.

Anwani yangu inaandikwa Houston. Barua zote zinakuja zimeandikwa Houston. Lakini kisheria siishi Houston. Mtaa wetu uko ndani ya kaunti lakini nje ya mipaka ya mji wowote. Kaunti ya Harris ina watu zaidi ya milioni 4.7 kwa sensa ya 2020, na takriban milioni 2 kati yetu tunaishi hivi, bila meya, bila diwani wa mji. Meya wa Houston simpigii kura. Polisi wa Houston, wale mnaowaona kwenye taarifa ya habari, mtaani kwetu si kazi yao.

Ila ukienda pale kwenye maduka, mwanzo wa barabara yetu, mji wa Houston unachukua sehemu ya kodi ya mauzo. Wana makubaliano na mamlaka yetu ya maji: mji unachukua ule ukanda wa biashara, na nyumba za nyuma zinabaki nje. Kwa hiyo nikinunua sabuni nachangia Houston, nikigeuza gari kurudi nyumbani nimetoka Houston. Zamani mji ulikuwa unameza tu maeneo ya jirani, kama ulivyoichukua Kingwood mwaka 1996 huku wenyeji wakipinga. Sheria za Texas za 2017 na 2019 zimebana, sasa lazima wakazi waridhie. Na watu wanaogopa kodi ya mji, hawaridhii.

Basi tuseme gari limepita mbio. Namwita nani? Eneo letu ni la sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti. Lakini pia kuna konstebo. Huku konstebo si cheo kidogo cha polisi kama nyumbani; ni kiongozi anayechaguliwa kwa kura, na ana maafisa wake na magari yake. Harris ina makonstebo 8, kila mmoja na eneo lake. Mbali na hao kuna askari wa jimbo, hao wanashughulika zaidi na barabara kuu. Wilaya za shule, yaani mamlaka zinazoendesha shule za umma, nazo zina polisi wao. Hata shirika la mabasi lina polisi wake. Wote hao wana haki ya kumsimamisha dereva barabarani, na ukipiga simu kuhusu gari lililokwisha kupita, kila mmoja ana la muhimu zaidi la kwenda kushughulikia. Siwalaumu. Kukiwa na wizi wa kutumia silaha maili 5 kutoka hapa, afisa aje kusimama mtaani kwetu kumsubiri kijana wa pikapu? Afisa lazima amwone au ampige tochi, yaani ampime kasi, yeye mwenyewe. Video yangu ya simu haiandiki faini.

"Wekeni kamera basi." Jamani, Texas imepiga marufuku miji kutumia kamera za kasi tangu 2007. Kamera za taa nyekundu, wapigakura wa Houston walizikataa 2010, na jimbo zima likazifuta 2019. Kwa hiyo tochi ya huku ni ya mkononi, na mkono lazima uwepo.

Sasa mkono huo unapatikanaje? Hapa ndipo panaponiuma. Kuna mitaa jirani zetu ambayo utamkuta afisa wa konstebo kila jioni, ameegesha pembeni ya mti, na magari yote yanatambaa. Nilidhani wana bahati. Si bahati, wamemlipia. Kaunti inaruhusu jumuiya ya wenye nyumba, hii tunayoiita HOA, au ile mamlaka ya maji, MUD, kuingia mkataba na konstebo au sherifu. Wanalipa sehemu kubwa ya gharama za afisa, kaunti inamalizia, na afisa huyo anatumia muda wake mwingi kwao. Mtaa wenye nyumba nyingi na ada kubwa unaweza. Mtaa wa wafanyakazi wa maghala na wauguzi wasaidizi, wenye nyumba chache, kila mwaka tunapiga kura na kila mwaka fedha hazitoshi. Mtoto wa kule na mtoto wa huku wanavuka barabara za kaunti ileile, zenye kikomo kilekile. Mimi hilo naliona si haki na nitalisema popote.

Na msidhani hatulipi. Nitoke nje ya mada kidogo, mniruhusu. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, ndiyo sababu watu wanakimbilia huku, halafu wanakutana na kodi ya nyumba. Bili yangu ina mistari: kaunti, wilaya ya shule, wilaya ya hospitali, udhibiti wa mafuriko, bandari, huduma za dharura, MUD. Bandari! Sijawahi hata kuiona meli. Halafu juu yake ada ya HOA. Na hiyo HOA yetu ilinitumia barua rasmi, na onyo la faini, kwa sababu pipa la taka lilionekana kutoka barabarani siku isiyo ya taka. Nikaenda kwenye kikao nikawauliza: mmeliona pipa, gari la maili 50 hamkuliona? Nikaambiwa barabara ni ya kaunti, HOA haina mamlaka nayo. Na kwa hilo walisema kweli. HOA haiwezi kumwandikia mtu faini ya kasi kwenye barabara ya umma.

Msiwaonee wivu sana wa mitaa ya geti. Kule barabara ni mali yao wenyewe, kwa hiyo wanatengeneza wenyewe kila shimo, na afisa hawezi kuja kuandika tiketi za kasi hivi hivi mpaka jumuiya iombe rasmi na kaunti ikubali.

Tuje kwenye matuta, maana mnaniandikia sana: "Chimbeni tuta wenyewe." Nimekulia Mbagala, najua wananchi wanavyomwaga kifusi usiku na asubuhi tuta lipo. Huku ukifanya hivyo gari la mtu likaharibika, utauza nyumba. Tuta linaombwa kwa kamishna wa kaunti, kiongozi wa kuchaguliwa anayesimamia barabara za sehemu yake. Makamishna ni 4, na mipaka yao haifanani na ya makonstebo 8. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara ana konstebo mmoja na mimi, lakini kamishna tofauti. Kwa hiyo mnakusanya saini, kila mmoja anapeleka kwa mtu wake, na kila ofisi ina fomu yake.

Ukishawasilisha, wanakuja kutandaza mipira myembamba barabarani, inahesabu magari na kasi. Zimamoto nao wanaulizwa, kwa sababu tuta linachelewesha gari lao. Ndiyo maana sehemu nyingi wanaweka yale matuta ya vipande, yenye nafasi ambayo magurudumu mapana ya zimamoto yanapita bila kupanda. Hilo naliunga mkono kabisa, nyumba ikiungua sekunde zina thamani.

Nisilolikubali ni hesabu yao ya kasi. Wahandisi wa huku wamezoea kipimo cha asilimia 85: kasi ambayo magari 85 kati ya 100 hayaizidi. Kwenye barabara za jimbo, kama ile ya njia nyingi inayopita mbele ya mtaa wetu, kikomo kinapangwa kwa kuangalia namba hiyo. Maana yake, watu wakikimbia wengi, namba inapanda. Mvunja sheria anakuwa shahidi. Na ukiomba alama ya kusimama ili kupunguza mwendo, unajibiwa kwamba mwongozo wa taifa unasema alama hiyo haitakiwi kutumika kudhibiti kasi.

Kikomo chenyewe kwenye mitaa ya makazi Texas, kama hakuna kibao, ni maili 30 kwa saa, kama kilomita 48. Haipishani sana na 50 yetu ya Tanzania. Kaunti inaweza kushusha hadi 25 kwenye makazi, baada ya mchakato. Mtu anaweza kusema maili 5 ni nini. Taasisi ya usalama barabarani ya AAA ilitoa utafiti 2011: mtembea kwa miguu akigongwa na gari lenye mwendo wa maili 23, hatari ya kufa ni karibu asilimia 10. Kwa maili 32 inafika 25. Kwa 42 inafika 50. Pikapu ya ile video ilizidi hiyo 32. Na mtoto wangu wa mwisho kichwa chake hakifiki usawa wa boneti ya gari lile. Ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Kuna jambo la makaratasi, hasa kwa mliofika karibuni. Ukipewa tiketi, soma aliyekupa ni nani na mahakama gani. Polisi wa mji wa Houston anakupeleka mahakama ya manispaa. Sherifu, konstebo na askari wa jimbo wanakupeleka mahakama ya JP (Justice of the Peace), mahakama ndogo ya kaunti, na Harris ina 16. Rafiki yetu mmoja, Mkongo, aliona Houston kwenye anwani yake akaenda mahakama ya mji. Jina halipo. Akafurahi kwamba tiketi imefutika. Baadaye alipokwenda kuongeza muda wa leseni, ikazuiwa kwa sababu hakufika mahakamani. Siku ya kazi imekatika, ada imeongezeka, na kosa lenyewe lilikuwa dogo.

Mume wangu yeye yalimkuta mengine. Anaendesha lori, ana leseni ya kibiashara. Alipigwa tochi kwenye gari letu dogo, siku yake ya mapumziko. Dereva wa kawaida Texas, kama hakuzidisha maili 25 au zaidi na hajatumia nafasi hiyo ndani ya miezi 12, anaweza kuomba kusoma kozi ya udereva na tiketi ikafutwa. Mwenye leseni ya kibiashara haruhusiwi, hata akiwa kwenye gari lake binafsi. Sheria ya shirikisho inakataza kosa lake kufichwa. Kwa hiyo alilipa faini, bima ikapanda, na kazini wakaiona. Wakenya na Watanzania wengi mnaoendesha malori huku, liwekeni akilini. Na bado mimi nataka afisa awepo mtaani. Mume wangu anasema hivyo hivyo. Kusimamishwa kulimuuma, lakini alipigwa tochi karibu na shule.

Na wale mnaoogopa kupiga simu yoyote kwa sababu karatasi zenu hazijakamilika, sitawaambia pigeni wala msipige. Kila mtu na kesi yake, ongea na wakili wa uhamiaji kwanza. Ila kuomba tuta au kibao ni ombi kwa ofisi ya kamishna. Ukiona huwezi kuweka jina lako, mwombe jirani asaini.

Sisi tumefanya nini? Tumeacha kulilia afisa tusiyeweza kumlipia, tumekazana na tuta. Saini tumekusanya, na mama mmoja wa Kisalvador ndiye aliyetusukuma wote, hana Kiingereza kingi lakini aligonga kila mlango. Nilienda pia kuongea kwenye kikao cha makamishna wa kaunti. Unajiandikisha, unapewa dakika chache, kengele ikilia umemaliza. Nilisema kuhusu hiyo mikataba ya maafisa, kwamba ulinzi wa mtoto usitegemee ada ya mtaa. Sikujibiwa palepale.

Mipira ya kuhesabia imeshatandazwa, nimewaonesha kwenye picha. Majibu yakitoka nitayaweka hapa hata kama ni "hapana." Wakikataa, tutaomba kikomo kishushwe hadi 25. Hilo ni ombi jingine na fomu nyingine. Wanaotaka kuona fomu ilivyo niandikieni, nitairekodi kwenye skrini, lakini ni ya kamishna wetu tu.