Chombo Kimekwama Mbele Yako, na Hukiamini

Mhadhara kwa wanafunzi wa unahodha, Dar es Salaam

Asalaam aleykum, hamjambo wanangu. Mwalimu wenu ameniomba nizungumzie uokoaji baharini. Mada hiyo nitaibana kidogo. Namna ya kushusha boti ya uokoaji mmeshafundishwa, na wanaoijua kazi hiyo kunizidi mimi wapo hapa hapa chuoni. Mimi nataka zile dakika chache zinazotangulia, wakati uko briji, chumba cha kuongozea meli, chombo kidogo kiko mbele, watu wanapunga mikono, na roho yako haitulii.

Tuseme ni alfajiri, uko mbali mashariki ya Mafia, upepo wa kusi umelegea. Afisa wa zamu anakuamsha. Boti ya fiber, mashine mbili, watu saba. Chaneli ya 16, ile ya wito wa dharura redioni, hawajibu. Bendera hamna, nyavu hazionekani. Unasimama au unapita?

Sheria nitaipitia haraka maana mtaikuta kwenye mtihani. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, kifungu cha 98, na SOLAS ya 1974, yaani mkataba wa usalama wa maisha baharini, sura ya tano, kanuni ya 33: nahodha akipata habari kwamba watu wako hatarini baharini, aende kuwasaidia kwa kasi. Mkataba wa 1982 unaongeza kwamba afanye hivyo bila kuiingiza meli yake, mabaharia na abiria katika hatari kubwa. Hapo ndipo wanaotaka kupita hushika, wasisome zaidi. Lakini kanuni ya 33 inaendelea: ukiona huwezi kwenda, au hakuna sababu ya kwenda, uandike sababu kwenye logibuku, daftari la kumbukumbu za meli, na ukijulishe kituo cha uokoaji. Kwa hiyo ruhusa ya kutokwenda ipo. Ruhusa ya kupita kimya haipo.

Na msiulize hao watu ni raia wa wapi. Marekebisho ya 2004, yaliyoanza kutumika 2006, yalisema wazi kwamba uraia wala hadhi ya mtu haihusiki. Yalizaliwa na kisa cha Tampa, Agosti 2001: meli ya Norway iliyowatoa watu 433 kwenye chombo kibovu kilichokuwa kinaelekea Christmas Island, kisiwa cha Australia. Australia ikakataa wasishushwe kwake, na makomandoo wake wakapanda melini. Nahodha yule alikuwa ametimiza wajibu wake, akajikuta katikati ya ugomvi wa serikali. Nawaambia mapema ili msije mkadhani kusaidia hakuna gharama.

Sasa hofu. Kuna watu hupenda kuwasema manahodha kwamba ni waoga. Mimi siwasemi. Novemba 2008 tangi kubwa la mafuta, yaani meli ya kubeba mafuta, Sirius Star, urefu wa mita 330, lilitekwa yapata maili 450 za baharini kusini-mashariki ya Mombasa. Kabla ya hapo wengi tuliamini ukijitenga na pwani ya Somalia umepona. Aprili 2009 ikafuata meli ya Maersk Alabama, nayo ilikuwa inakuja Mombasa. Na maharamia walikuwa na mbinu moja ambayo kwangu ndiyo mbaya kuliko zote: waliteka majahazi ya uvuvi, wakawabakiza wavuvi ndani kama mateka, wakayatumia kuvuta boti zao za kasi hadi bahari kuu. Kwa hiyo ukitazama kwa darubini ukaona jahazi la wavuvi wanyonge, macho yako hayajakudanganya. Wavuvi ni wavuvi kweli, wanyonge kweli, wana njaa kweli, na nyuma yao kuna mtu ameshika bunduki. Mashirika ya meli yaliliondoa rasmi eneo la hatari la Bahari ya Hindi tarehe 1 Januari 2023. Desemba mwaka huo huo ikatekwa MV Ruen, ikakaa mikononi mwao hadi jeshi la majini la India lilipoikomboa Machi 2024.

Hofu ina sababu basi. Ila nayo huua.

Tarehe 15 Februari 2012, karibu na pwani ya Kerala, India, wanajeshi wa Italia waliokuwa wakilinda tangi la mafuta, Enrica Lexie, waliiona boti ndogo inakuja upande wao. Wakafyatua risasi. Walikufa watu wawili, na wote wawili walikuwa wavuvi. Kesi ile ilikwenda miaka na miaka, mpaka 2020 jopo la usuluhishi likaamua Italia ilipe fidia.

Mwezi mmoja tu baada ya mauaji yale, upande wa pili wa dunia, vijana watatu wavuvi wa Panama walikuwa wanachukuliwa na mkondo, mashine imekufa. Meli kubwa ya kitalii ikapita. Abiria waliokuwa wanatazama ndege kwa darubini zao wakamwona mtu anapunga kitambaa, wakawaambia wafanyakazi wa meli. Meli haikusimama. Baadaye maelezo ya upande wa meli yakawa kwamba wale walionekana kama wavuvi wanaoshukuru kwa kutopitiwa juu ya nyavu. Wawili kati ya watatu walikufa. Hapa hofu haikuwapo kabisa. Mtu alijichagulia maelezo yaliyomruhusu kuendelea na safari. Mimi naogopa zaidi kosa hili kuliko la woga, kwa sababu halimnyimi mtu usingizi.

Haya, turudi kwenye boti yetu. Unatazama nini?

Anza na namna inavyokaa majini. Boti isiyo na mashine hulala ubavu kwa mawimbi, haiwezi kuelekeza omo, yaani sehemu yake ya mbele. Ukiiona inashika omo vizuri na kukugeukia wewe, kuna mashine inafanya kazi. Halafu tazama watu. Boti inayovuja kweli utamkuta mtu mmoja hainui kichwa kukutazama, maana anafua maji, na akiacha wanazama. Mikono nayo ina habari zake. Kanuni za kuzuia migongano za 1972 zinataja alama hii: mikono yote miwili imenyooshwa pembeni, inapandishwa na kushushwa taratibu, tena na tena. Ila mvuvi wa Kilwa au wa Pemba hakusoma kanuni hizo. Atafunga shati au kanga ya mkewe kwenye kasia na kuipeperusha kwa fujo zote. Msimhukumu kwa kutojua alama.

Madumu mengi ya petroli hayathibitishi kitu, kila mvuvi wa mbali anayo. Ngazi yenye kulabu ni jambo jingine. Ngazi haivui samaki.

Na boti ikikujia mbio? Hapa nataka msikilize vizuri. Mvuvi wa jarife ametandika nyavu zake usiku, mtaji wake wote uko majini. Anaona meli inakuja moja kwa moja juu yake. Anawasha mashine, anakimbilia upande wako, anapiga kelele, anarusha mikono. Wewe uko juu, mita ishirini na zaidi, unaona unashambuliwa. Yeye anakuomba ugeuze usukani kidogo tu. Hata miongozo ya kujikinga na maharamia iliwatahadharisha manahodha kuhusu jambo hili, kwamba wavuvi huja mbio kulinda nyavu, na wengine hubeba silaha za kujilinda. Basi geuza kwanza. Ukigeuza akaridhika akarudi kwenye nyavu zake, umepata jibu bila kumuumiza mtu.

Tatizo ninaloliona kwa maafisa vijana ni kudhani kuna mambo mawili tu: kusimama na kuteremsha ngazi, au kupita. Katikati pana nafasi kubwa sana. Usizime mashine. Zunguka kwa mbali, mpaka uhakikishe unachokiona. Wasio na kazi sitahani waingie ndani, milango ifungwe. Ita Mombasa, kwenye kituo cha kuratibu uokoaji, ita na Dar es Salaam. Taja mahali ulipo, idadi ya watu, na sema waziwazi kwamba una shaka na kwa nini. Shaka ikitajwa redioni inasaidia wengine. Ukiificha unabaki peke yako nayo. Ita meli zilizo karibu. Ikiwa pana manowari eneo hilo, omba ije, kisha kaa pale pale, boti ile usiipoteze machoni.

Wakati unasubiri, pita upande wa goshi yao, yaani unakotoka upepo, uachie boya lenye maji ya kunywa na redio ndogo ya mkononi, upepo uwapelekee. Mwenye shida ataikimbilia redio na ataongea mpaka umchoke. Ukiamua kuwapandisha, wavae kwanza majaketi okozi uliyowatupia, wapande mmoja mmoja, mikono mitupu, majeruhi na watoto mbele. Ngazi isining'inie kabla ya hapo.

Lakini maji bila kusubiri hayatoshi. Machi 2011 watu 72 waliondoka Tripoli kwa boti ya mpira, mafuta yakaisha. Helikopta iliwashushia maji na biskuti, ikaondoka. Hakuna aliyerudi kuwachukua. Walielea takriban wiki mbili kwenye bahari iliyojaa meli za kivita, na 63 wakafa. Ukishawatupia maji umekiri kwamba umewaona, na kwamba unajua wana shida. Kuanzia hapo kaa nao, au hakikisha kwa jina la chombo na saa kwamba mwingine amewapokea.

Lililobaki ni simu ya ofisini, maana itapigwa. Utaambiwa mzigo unachelewa, mafuta yanaungua, kwani meli nyingine hazipo? SOLAS, sura hiyo hiyo ya tano, kanuni ya 34-1, inamkataza mwenye meli na mkodishaji kumzuia nahodha asichukue uamuzi anaouona ni wa lazima kwa usalama wa maisha baharini. Na gharama za kuacha njia ili kuokoa watu kwa kawaida hufidiwa na bima ya P&I, bima ya dhima ya wenye meli, jambo ambalo ofisi inalijua vizuri kuliko wewe. Kwa hiyo jibu kwa heshima: bosi, nimekuelewa, niandikie agizo hilo kwa barua pepe niliambatishe kwenye logibuku. Wengi hapo hukumbuka wana kikao.