Takataka ya Angani Ina Mwenyewe

Ndugu wasikilizaji, Aprili 2012 satelaiti ya Ulaya iitwayo Envisat ilinyamaza ghafla. Ina uzito wa tani nane hivi, haisikii amri yoyote, na hadi leo inaizunguka Dunia. Tuseme ninyi mna chombo chenye mkono wa kuikamata na kuishusha iungue hewani. Mwaweza kwenda kuichukua?

Kisheria hamwezi, mpaka mwenyewe aridhie. Ibara ya 8 ya Mkataba wa Anga wa 1967 inasema aliyesajili chombo anabaki na mamlaka juu yake, na umiliki haupotei kwa kuwa kiko angani. Haikuwekwa miaka ya kungoja kwamba ikipita, chombo kimetelekezwa. Baharini, mwenye kuokoa meli hudai ujira wake; huku juu hakuna kanuni ya namna hiyo.

Vipande vidogo ni kazi ngumu zaidi. Tarehe 10 Februari 2009, satelaiti Iridium 33 ya Marekani iligongana na satelaiti Kosmos 2251 ya Urusi, iliyokwisha kufa, juu ya Siberia. Vilizaliwa vipande zaidi ya 2,000 vinavyofuatiliwa kwa rada. Ukikamata kimoja, unamwomba nani ruhusa?

Lakini kinachoniumiza hasa ni fidia. Kwa Mkataba wa Dhima wa 1972, chombo kikidhuru mtu au mali ardhini, nchi iliyokirusha inalipa, iwe na kosa isiwe nalo. Madhara yakitokea angani, lazima kosa lithibitishwe. Na “nchi iliyorusha” ni pamoja na ile ambayo chombo kimerukia katika ardhi yake. Envisat ilirushwa kutoka Guyana ya Ufaransa, kwa hiyo hata Ufaransa imo.

Sasa pimeni. Mwenye mzoga, yaani chombo kilichokufa, akikaa kimya, ni vigumu kumbebesha kosa. Akiruhusu uondolewe, mkono ukateleza, mzoga ukavunjika na kumgonga mtu wa tatu, kosa lina pa kuanzia, naye yumo. Sheria inamkinga asiyefanya kitu. Hilo si haki, nalisema waziwazi.

Mwaka 2024 chombo cha Japani, ADRAS-J, kilisogelea kipande cha roketi chenye urefu wa mita 11 hivi, kilichobaki angani tangu 2009, kikakipiga picha na kukifikia hadi umbali wa mita 15 tu. Roketi ilikuwa ya Japani yenyewe, basi hapakuwa na nchi nyingine ya kuombwa.

Ninachopendekeza ni ridhaa itolewe mapema, chombo kikiwa bado chini: kibali cha kurusha kiseme nani atakiondoa kikifa, na nani atabeba fidia mkono ukiteleza.