Pale palipotulia ndipo panapoua

Haya, asanteni, wale wa nyuma sogeeni mbele viti vipo. Wanaonijua wanajua naanza na nini, na leo naanza na hichohicho, mkondo wa bahari unaopeleka waogeleaji nje, manake kila msimu nalisema na kila msimu nakuta watu wanafanya vilevile. Familia inafika bichi, baba anasimama anaipima bahari kwa macho. Kulia mawimbi yanavunjika, povu, kelele. Kushoto hivyohivyo. Katikati kuna kichochoro maji yametulia, wimbi halivunjiki, rangi imekoza kidogo. Anawaambia watoto, haya ingieni hapo, hapo pako salama.

Jamani! Hapo ndipo mlango wenyewe.

Wimbi linavunjika pakiwa na maji mafupi, juu ya fungu la mchanga. Lisipovunjika maana yake chini pana kina. Sasa maji yote yaliyoletwa ufukweni na mawimbi lazima yarudi, na yanarudi kwa kupitia hapo penye kina, kwa pamoja, yanakuwa kama mto unaoelekea nje. Huo ndio mkondo. Ukikasirika unaweza kufika mita 2 na nusu kwa sekunde. Bingwa wa dunia wa kuogelea mita 100 anakwenda mita 2 na kidogo kwa sekunde, na yeye yuko kwenye bwawa, kavaa miwani, kapumzika. Wewe umetoka kula.

Kuna mzee mmoja nilimfuata, wajukuu zake wawili wako kwenye kichochoro maji ya kiunoni. Nikamwamkia, nikamwomba awatoe watoto. Akanambia kijana, bahari mimi naijua kabla mama yako hajaolewa. Sikubishana naye. Nikaokota kijiti kikavu nikakirusha pale karibu na wale watoto, nikamwambia mzee wangu tukiangalie tu hiki. Kikakaa kidogo kinayumbayumba, alafu kikaanza safari, kinakwenda nje, kikapita usawa wa mawimbi yanapovunjika, bado kinakwenda, mpaka hatukioni tena. Hakuna aliyekisukuma. Mzee akaita wajukuu kwa sauti ambayo bichi nzima iligeuka. Walipotoka akaniuliza, na zile bendera pale ni za nini, kuna mashindano?

Bendera hizo zilikuwa hatua hamsini tu kutoka pale alipotandika mkeka wake. Nusu nyekundu juu, nusu njano chini, zimesimikwa mbili. Maana yake ogelea katikati yake, hapo mwokoaji anakuangalia. Nje ya hapo unaogelea peke yako hata kama bichi imejaa watu. Nyekundu tupu ni hatari, mbili nyekundu maji yamefungwa, hakuna kuingia. Ukiona ule mfuko wa kitambaa wa kuonesha upepo, wa rangi ya chungwa, unapepea, upepo unavuma kwenda baharini, basi tyubu na maboya ya kujaza upepo yabaki nchi kavu, manake mtoto analala juu ya boya na upepo unamchukua kama tanga.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, bendera nyekundu na bahari imelala kabisa, hawa waokoaji wanatubania tu. Ndugu yangu, mwokoaji yuko pale tangu asubuhi, kaona maji yalivyojaa na yanavyokupwa, kaona upepo ulivyogeuka, wewe umeshuka kwenye gari dakika tano. Na mwingine anasema mimi nimezaliwa pwani, naogelea. Sawa, na ndio maana utapambana, utaogelea moja kwa moja kuelekea ufukweni dhidi ya mkondo mpaka nguvu ziishe. Mkondo haukuvuti chini, unakupeleka nje tu, kinachozamisha ni uchovu na hofu. Elea. Pumua. Nyoosha mkono juu uonekane. Ukiweza, ogelea kwa ubavu, sambamba na ufukwe, mpaka utoke kwenye mkondo ufike mawimbi yanapovunjika, hayo ndiyo yatakurudisha.

Naona naoneshwa saa. Nasema haraka.

Kuzama hakuna kelele. Tumekua tukiambiwa mfa maji haachi kutapatapa, kwa hiyo mtu anangoja aone kutapatapa ndio aamke. Anayepiga kelele bado ana pumzi, mkimbilie, lakini jirani yake aliyenyamaza yuko karibu zaidi na kufa. Mdomo uko usawa wa maji, kichwa kimelala nyuma, mikono inakandamiza maji pembeni hawezi hata kukupungia, mwili umesimama wima kama anapanda ngazi. Dakika haiishi, kazama. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao watoto chini ya miaka 5. Mtoto mdogo awe mkononi mwako, umbali wa kumshika, na simu iwe kwenye mkoba. Pombe na bahari nilitaka kusema mengi, nasema moja, ukinywa usiingie.

Mwenzako akizama usimrukie, atakukumbatia mzame wote, tumezika ndugu wawili wawili kwa ajili hiyo. Ita mwokoaji, mrushie kitu kinachoelea, dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko linambeba mtu mzima, likiwa na kamba ndio bora zaidi. Akitolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini, msimkamue tumbo. Aliyezama kakosa hewa, kwa hiyo anza kwa kumpulizia mdomoni mara tano, alafu kifua, kandamiza 30, puliza 2, usiache mpaka msaada ufike.

Mdoli wa kujifunzia uko pale mlangoni na wenzangu wanawasubiri. Kila mtu apige magoti apulize kabla hajatoka, na wazee pia, tutawashika mkono.